Congo Nile Trail kwa baiskeli: njia ya ufukweni isiyo tambarare

Ukiitazama ramani ya Rwanda upande wa magharibi, utauona mstari mwembamba unaoambaa na Ziwa Kivu kutoka Rubavu kaskazini hadi Rusizi kusini, na kwa kuwa mstari huo hauachani sana na maji, utashawishika kuamini kwamba ni njia ya ufukweni, tambarare, ambayo mtu anaweza kuiendesha huku akipiga soga. Ndivyo alivyoamini shemeji yangu, mzaliwa wa Mwanza, ambaye kila Jumapili huendesha baiskeli hadi Magu na kurudi. “Shemeji, kilomita 227 kwa siku tano ni uvivu,” aliniambia tukiwa bado nyumbani tunapanga safari. Siku ya kwanza, saa tano asubuhi, alikuwa ameshuka kwenye tandiko na anasukuma baiskeli kwa mikono miwili, shati limemganda mgongoni, na neno uvivu sikulisikia tena kinywani mwake mpaka tulipofika Kamembe, mji wa Rusizi ambako njia inaishia.

Njia hii, inayotangazwa na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, inapita katika wilaya tano, yaani Rubavu, Rutsiro, Karongi, Nyamasheke na Rusizi, na hukadiriwa kuwa safari ya siku kumi kwa waenda kwa miguu na tano kwa waendesha baiskeli. Jina lake limetokana na mgongo wa milima unaoyatenga maji ya nchi: mvua inayonyesha upande wa magharibi huingia Kivu, ikatoka kwa mto Rusizi hadi Tanganyika, kisha ikajiunga na mto Congo kwenda Bahari ya Atlantiki, ilhali ile inayonyesha mashariki hufuata mito ya Nyabarongo na Akagera hadi Ziwa Victoria, na mwishowe hutiririka na mto Nile hadi Bahari ya Mediterania. Jina hilo lina hila kidogo, kwa sababu njia yenyewe haifiki kwenye mgongo huo. Iko chini yake, upande wa Congo, na maji yote utakayoyavuka yanakimbilia ziwani kushoto au kulia kwako.

Hapo ndipo ilipo siri ya ugumu wake. Kutoka kwenye mgongo ule, vilima vimeshuka hadi majini kama vidole vya mkono uliotandazwa, na kati ya kidole na kidole kuna hori nyembamba ambamo maji ya ziwa yameingia ndani ya nchi kavu. Njia inashuka hadi kwenye hori, inavuka kijito kwa daraja la magogo au la zege, kisha inapanda kidole kinachofuata, na mchezo huo unarudiwa kutwa nzima. Hakuna mlima mmoja mrefu wa kuogopwa. Kuna vilima vya mita mia moja au mia mbili ambavyo, ukivijumlisha jioni, vinakuwa mlima. Tena safari inaanzia juu, kwani uso wa Kivu uko takriban mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, wakati Ziwa Victoria tulilolizoea liko mita 1,134, na pumzi ya mtu wa Pwani itautambua mwinuko huo kabla ya miguu yake. Kwa hiyo anayeuliza njia ni ya kilomita ngapi amekosea swali. Aulize ni vilima vingapi kutoka hapa hadi pale anapokusudia kulala.

Nianze na baiskeli, maana ndiyo iliyokaribia kuiharibu safari. Shemeji alikuja na yake kutoka Mwanza, ikiwa imefungwa juu ya basi lililopita Rusumo, nami nikaamua kukodi. Duka nililokodi sitalitaja, ila nitasema kwamba mapokezi yalikuwa mazuri, baiskeli ilikuwa imeoshwa mpaka inang'aa, na kodi yake ya siku ilikuwa chini kidogo ya bei ya chumba cha kawaida mjini. Niliizungusha mara mbili uani, kwenye sakafu tambarare, nikaridhika. Kosa lilikuwa langu kama lilivyokuwa lao, kwa kuwa baiskeli ya milimani haijaribiwi uani. Katika mteremko wa tatu breki ya nyuma ilianza kulia, na katika wa nne nilikuwa nimeivuta hadi ikagusa mpini bila mwendo kupungua, nikalazimika kuburuza mguu ardhini kama mtoto na kuingia kwenye shamba la migomba ili nisimame.

Kwenye kijisoko kilichofuata tulielekezwa kwa fundi aliyekaa chini ya mkaratusi, mbele yake kukiwa na beseni la maji ya kutafutia pancha, spana mbili, koleo, na rundo la tyubu kuukuu zilizokatwakatwa kuwa viraka. Alilala kifudifudi, akaichungulia breki ya nyuma, akaukwangua mpira kwa ukucha, kisha akanionyesha chuma kilichokuwa kimetokeza chini yake. Mipira aliyokuwa nayo ilikuwa ya zile baiskeli za chuma za kubebea mizigo, haikuingia kwenye yangu. Basi akaichonga kwa kisu taratibu, akaijaribu, akaitoa, akaichonga tena, na baada ya robo saa nilikuwa na breki iliyonifikisha Kamembe. Alichotoza hakikuzidi bei ya soda mbili. Ninayemlaumu ni aliyenikabidhi baiskeli ile akijua inakwenda wapi, na atakayekodi namshauri adai breki za diski, gia ya chini kabisa inayopanda bila kuruka, na tairi pana zenye meno makubwa, kisha aombe kuijaribu kwenye kilima chochote kilicho karibu kabla ya kulipa. Pia achukue tyubu mbili za akiba, kwa kuwa kati ya Rubavu na Karongi hatapata za saizi yake.

Nusu ya kaskazini, kutoka Rubavu hadi Karongi, ndiyo inayostahili sifa zote ambazo njia hii imepewa. Unaondoka mjini kwa lami, ukiliacha jiji la Goma na mlima Nyiragongo nyuma yako, unapita kiwanda cha bia cha Nyamyumba na chemchemi za maji moto zilizo jirani nacho, ambako wenyeji huja kukanda viungo, kisha lami inakwisha na kelele za magari zinakatika. Kuanzia hapo ni udongo mwekundu, migomba, mihogo, maharage, na mikahawa iliyopandwa kwenye miteremko mikali kiasi kwamba unashangaa mkulima anasimamaje humo. Tulipita mwezi Juni, msimu wa kuchuma ukielekea ukingoni, na tulipokaribia Kinunu tuliisikia harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha, kali kama ya togwa iliyosahaulika, kabla hatujakiona kituo chenyewe cha kuoshea kahawa. Kina mama walikuwa wamesimama pande zote mbili za vichanja virefu vya wavu, wanachambua buni zilizolowa na kuziondoa zilizotobolewa na wadudu, mikono ikienda upesi kuliko macho yetu yalivyoweza kuifuata. Ukibahatika kuonjeshwa kahawa yao, onja bila sukari kwanza.

Kinunu ndiyo pahala pazuri pa kulala siku ya kwanza, na sababu si kituo cha kahawa bali ni ziwa. Jua linapozama, mitumbwi inatoka ikiwa imefungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma kama pembe, nyavu zikining'inia katikati, na wavuvi wanapiga kasia kwa wimbo wa kupokezana, mmoja akianzisha na wenzake wakiitikia, sauti ikifika nchi kavu hata baada ya mitumbwi kumezwa na giza. Baadaye taa zinawashwa, na ziwa linakuwa kama mji. Wanachovua ni sambaza, na sisi wa Tanzania tunapaswa kuwatambua, maana ni wale wale dagaa wa Kigoma: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kulipa Kivu samaki wa kuvuliwa, kwa kuwa aina zake za asili zilikuwa chache. Wamekaangwa wazima, wakavunjika mdomoni, na ndizi za kuchemsha pembeni, sikumbuki kama nimewahi kula dagaa watamu kuliko hao. Asubuhi mwaloni mama mmoja alitusikia tunazungumza, akatugeukia kwa Kiswahili cha upande wa Goma: “Baba, iyi sambaza ni ya leo, haikulala.” Shemeji, ambaye huko kwao hubishania bei ya kila kitu, alilipa bila kuongeza neno.

Kiswahili, kwa hakika, kilitufaa kuliko tulivyotarajia. Ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda tangu mwaka 2017, lakini Rubavu na Kamembe, miji iliyopakana na Goma na Bukavu, imekitumia tangu zamani kwa sababu ya biashara ya mpakani, na wachuuzi, wavuvi na madereva wa huko hawakusubiri sheria. Katikati ya safari, vijijini, ni Kinyarwanda kitupu, na hapo utaokota maneno kama mtu anayeokota ndugu waliopoteana. Baiskeli inaitwa igare, neno ambalo hukawii kulihisi ni gari letu lililobadilishiwa kazi. Watoto waliotukimbilia kila kilima walipiga kelele “Agacupa! Agacupa!”, na shemeji alihangaika nusu siku kabla ya kung'amua kwamba wanaomba kachupa, ile chupa tupu ya maji iliyokuwa kwenye mkoba wake. Walituita wazungu pia, rangi yetu isiwazuie. Mtu aliyevaa kofia ngumu na suruali ya kubana akapanda kilima kwa hiari yake, huko ni mzungu tu.

Siku ya pili, kutoka Kinunu kupitia Musasa hadi Karongi, ni ngumu kupita zote, na ni siku ambayo sitaki kuipamba. Mvua ilinyesha usiku ingawa kiangazi kilikuwa kimeanza, na udongo wa mfinyanzi ulijaa kati ya tairi na fremu mpaka magurudumu yakagoma kuzunguka. Tulisimama kila baada ya muda kuukwangua kwa vijiti. Vibao vya kuonyesha njia, ambavyo karibu na Rubavu vipo vya kutosha, huku vimeng'oka au vimegeuzwa, na mara mbili tulishuka hadi ufukweni kwa njia isiyotoka upande wa pili, tukalazimika kupanda tulikotoka. Ramani ishushwe kwenye simu kabla ya kuondoka mjini, na zaidi ya ramani, watu waulizwe. Kama hali ya sehemu hii ni hiyo mwezi wa Juni, basi kati ya Machi na Mei, wakati wa masika yenyewe, simshauri mtu aje na baiskeli. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kuja.

Karongi, ambayo wengi bado wanaiita Kibuye, tulipumzika siku nzima, na atakayepita bila kupumzika amejinyima. Mji umetawanyika juu ya rasi na visiwa, na maji yake yanaogeleka, kwa sababu Kivu haina mamba wala viboko, jambo ambalo mtu aliyekulia kando ya Victoria huchukua muda kuliamini; shemeji alitazama huku na huku kwa dakika nzima kabla ya kutumbukia. Mbali kidogo na pwani linaonekana jukwaa linaloelea la mradi wa KivuWatt, ambalo hunyonya maji kutoka kina cha zaidi ya mita 300, yakiwa yamejaa gesi ya methani, ili kuzalisha umeme wa megawati 26. Juu ya rasi lipo Kanisa Katoliki ambamo maelfu ya Watutsi waliokimbilia hifadhi waliuawa mwaka 1994. Ukumbusho wao uko kandokando yake, na ibada bado zinafanyika humo. Tuliegesha baiskeli nje ya uzio, tukaingia kwa miguu, na tulipotoka hatukuzungumza kwa muda mrefu.

Kuanzia Karongi kwenda kusini, tathmini yangu inabadilika. Barabara ya lami iliyojengwa kando ya ziwa imeufunika mwingi wa mkondo wa zamani, kiasi kwamba kinachoitwa njia kwenye vibao ni barabara kuu ya magari, yenye mistari myeupe, mifereji ya zege na malori ya saruji. Siwezi kuilalamikia lami kwa niaba ya mgeni anayepita mara moja, wakati mkulima wa Nyamasheke anaihitaji kila siku kufikisha mazao yake sokoni, na lami yenyewe ni nzuri kabisa, haina hata shimo. Lakini aliyevuka bahari au mipaka akitafuta njia ya udongo yenye ukimya ajue kwamba kwa siku hizi tatu za kusini atapata kitu kingine: miinuko mirefu ya kilomita tano au sita yenye mteremko wa kulingana, mandhari pana ya visiwa chini yake, na basi linalompita kwa kasi kila baada ya dakika chache. Vipande vya udongo bado vipo, hasa vile vinavyoteremka hadi kwenye vijiji vya wavuvi, na tulipovifuata tuliipata tena raha ya kaskazini. Ila kila kimoja hukurudisha juu kwenye lami kwa jasho. Mtanzania na Mkenya wakumbuke pia kwamba Rwanda magari hupita kulia. Shemeji alisahau mara moja tu, kwenye kona, na honi ya lori ilimkumbusha.

Kilichoniburudisha kwenye lami hiyo ni abanyonzi, yaani vijana wa teksi za baiskeli, ambao hubeba abiria, magunia ya viazi na mikungu ya ndizi juu ya baiskeli nzito za chuma zisizo na gia. Mmoja wao, kwa kandambili, na mikungu miwili imefungwa kwenye keria, alimfikia shemeji katikati ya mwinuko wa kuelekea Nyamasheke, akamsalimia kwa adabu, akaisifu baiskeli yake yenye gia ishirini na saba, kisha akamwacha. Nchi hiyo iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025 jijini Kigali, ya kwanza kufanyika barani Afrika, na baada ya kukutana na kijana yule sikuona kama walipewa kwa upendeleo.

Malazi si tatizo iwapo huchagui sana. Rubavu, Karongi na Kamembe zina kila daraja, kuanzia hoteli za bwawa la kuogelea hadi nyumba za wageni za masista na mapadri, ambazo nazipendelea kwa usafi na utulivu wake. Katikati yake vyumba ni vichache, kwa hiyo ni vema kupiga simu mapema. Chakula ni cha kujirudia, ndizi, viazi, maharage, isombe ambayo ni kisamvu chetu, na mishikaki ya mbuzi jioni, lakini ni kingi, na ikivuguto, maziwa yao ya mgando, ilinipandisha vilima ambavyo chakula kigumu kisingenipandisha. Malipo karibu yote hufanyika kwa simu, ingawa fundi, mama wa sambaza na mtoto wa mahindi ya kuchoma wanapenda noti ndogondogo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008 na hukaguliwa mpakani, hivyo nguo zifungwe kwenye mifuko ya turubai. Anayepanga tarehe aikwepe Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwa kuwa asubuhi hiyo, mpaka saa tano, wananchi huwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kijamii, na maduka hufungwa.

Nikilazimishwa kutoa alama, nusu ya kaskazini inastahili tisa kati ya kumi, na ile moja nimeikata kwa ajili ya vibao. Nusu ya kusini nitaipa sita, na baiskeli niliyokodi tatu, mbili kati ya hizo zikiwa za fundi wa chini ya mkaratusi. Mwenye siku tatu pekee aende Rubavu hadi Karongi, asikimbie, na abaki na siku ya kuogelea. Mwenye siku tano aendelee hadi mwisho, hasa akipenda lami, ila asitarajie kwamba kusini kutafanana na kaskazini. Wanaoanza kuendesha baiskeli, au wenye watoto, waende pahala pengine kwanza.

Sisi tulimalizia Kamembe saa kumi jioni ya siku ya sita, tukikabiliana na Bukavu ng'ambo, pale ziwa linapopungua na mto Rusizi kuanza safari yake kwenda Tanganyika. Kesho yake alfajiri tulipanda basi la Kigali. Kondakta alizitazama baiskeli mbili zilizojaa tope, akataja nauli yake, shemeji akataja ya kwake, na wakakutana njiani. Zikafungwa juu kwa kamba za mpira, basi likaingia msitu wa Nyungwe likipanda kwa gia ndogo. Huko juu, kati ya ukungu na miti iliyofunga, ndiko tulikoyavuka hatimaye yale maji ya Congo na kuingia kwenye ya Nile. Nilitaka kumwonyesha shemeji, lakini alikuwa amelala, kichwa kimeegemea dirisha, kofia ngumu bado iko mapajani.